Mahakama ya Kadhi, sheria ya nchi na haki za raia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Kenya au Tanzania inapofikiria kuandika katiba upya, suala la Mahakama ya Kadhi huibuka, na hoja huwa zilezile. Haya ni maswali yanayojirudia zaidi, kutoka kwa Waislamu na wasio Waislamu. Sehemu ya historia ni ndefu kwa makusudi. Anayeianza hadithi hii kwenye kura ya maoni ya 2010 juu ya Katiba mpya ya Kenya hawezi kuelewa kwa nini watu walikasirika kiasi kile.

Mahakama ya Kadhi inasikiliza kesi gani?

Kesi za Waislamu zinazohusu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kisheria, kwa mfano kama fulani alikuwa mke halali wa marehemu au la. Kenya, mipaka ni hiyo tu. Zanzibar orodha ni pana zaidi na inagusa matunzo, malezi ya watoto na wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani isiuzwe wala kurithiwa. Kadhi ni ofisa wa Mahakama, analipwa kutoka hazina ya serikali kama hakimu yeyote. Hilo la kulipwa na serikali ndilo lililozua nusu ya ugomvi.

Kadhi anaweza kuamuru mtu achapwe viboko au akatwe mkono?

Hawezi. Hana mamlaka ya jinai, Kenya wala Zanzibar. Mwislamu akiiba anapandishwa kwa hakimu yuleyule anayemsikiliza Mkristo.

Ni Waingereza walioleta mahakama hizi?

Hapana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimkuta kadhi, mtu mwenye asili ya Misri, akiketi na wakubwa wa mji kusikiliza malalamiko ya watu. Yaliyohusu sheria ya dini aliyaamua kadhi, mengine yakaamuliwa na baraza la mawaziri na maamiri. Karibu miaka 700 iliyopita, basi, pwani hii ilikuwa tayari imegawa kazi kati ya sheria ya dini na amri ya mtawala. Wanaodai kwamba mgawanyo huo ni uvumbuzi wa Ulaya wangeanza kusoma hapo.

Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Busaidi, Unguja ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi, madhehebu ya watawala, na makadhi wa Kisunni wanaofuata Imamu Shafi, madhehebu ya raia walio wengi. Wanazuoni wakubwa walishika kazi hiyo, akina Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, na baadaye Sayyid Ahmed bin Sumeit. Kwenye miji ya pwani, liwali alishika utawala, kadhi akashika dini na mambo ya nyumbani.

Waingereza waliikuta mahakama hiyo ikifanya kazi. Wao waliiandikia mipaka, wakaipunguza mamlaka, wakaiweka chini ya majaji wao.

Kwa nini serikali ya Kikristo ilikubali kulinda mahakama ya Kiislamu?

Kwa sababu ya mkataba, na kwa sababu ilikuwa rahisi.

Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamid bin Thuwain aliikabidhi Uingereza uendeshaji wa ukanda wa maili kumi wa pwani, ambao leo ni pwani ya Kenya. Hakuuza. Ukanda ulibaki wake kwa jina, Uingereza ikawa inamlipa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963. Watu wa pwani walitangaziwa kwamba dini yao na desturi zao za kale zitaheshimiwa. Mwaka 1897 zikatoka kanuni zilizotambua mahakama za liwali, mudiri (ofisa aliye chini ya liwali) na kadhi ndani ya ukanda huo.

Urahisi nao ulikuwa na historia yake. Huko India, mwaka 1772, Warren Hastings alikwisha kuamua kwamba katika ndoa, mirathi na mambo ya dini Waislamu wahukumiwe kwa Qurani na Wahindu kwa vitabu vyao. Utaratibu huo ulikuja Afrika Mashariki kupitia Bombay, pamoja na makarani na sheria za India. Mkoloni alitaka ardhi, ushuru, biashara na jinai viwe mkononi mwake. Mambo ya mume na mke hayakumpa faida, akawaachia wanazuoni na kujihesabia kuwa mtu wa kuheshimu dini za watu.

Heshima hiyo lakini ilikuwa na kikomo. Mwaka 1894, mahakama ya juu kabisa ya milki ya Uingereza, iliyokuwa ikikaa London, iliamua katika kesi ya India kwamba wakfu unaonufaisha ukoo wa mwenye kuuweka ni batili ikiwa fungu la masikini ni la mbali mno. Wanazuoni wa Kishafi wa pwani yetu hawakuuona wakfu wa namna hiyo kuwa na kasoro. Haikusaidia kitu. Mapema miaka ya 1950 mahakama hiyohiyo, ikisikiliza rufaa kutoka Kenya, ilisema uamuzi wa India unawafunga na Waislamu wa huku. Ilibidi zitungwe sheria za kurekebisha mambo, India mwaka 1913 na Kenya mwaka 1951. Waislamu wakajifunza kwamba mahakama yako kulindwa ni jambo moja, na nani mwenye neno la mwisho juu ya dini yako ni jambo jingine kabisa.

Na wakati wa utumwa, sheria ya dini ilikuwa upande gani?

Swali hili wengi hulikwepa. Sheria ya Kiislamu jinsi ilivyotumika pwani ilitambua utumwa, na ilitambua pia njia za kumwacha mtumwa huru na kuhesabu jambo hilo kuwa thawabu. Utumwa ulikuwa hadhi ya kisheria: ulionekana kwenye mirathi, kwenye ndoa, kwenye ushahidi.

Ulibomolewa kwa amri za masultani, kila moja ikiwa na mkono wa Uingereza nyuma yake. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilifunga soko la Unguja. Mwaka 1890 Sayyid Ali bin Said alipiga marufuku kununua na kuuza watu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alifuta utumwa kama hadhi, maana yake mahakama isingemsikiliza tena bwana anayemdai mtu kama mali yake. Lakini haikuwa kwamba watu waliamka asubuhi wakiwa huru. Aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama kuuomba. Kwenye mwambao wa Kenya walisubiri hadi 1907.

Na masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje kabisa. Amri ya 1897 iliwahesabu kuwa watu wa nyumbani kama wake, wabaki walipo, isipokuwa atakayethibitisha kwamba anatendewa ukatili. Walifikiwa mwaka 1909, miaka 12 baadaye. Waingereza waliokuwa wakijisifu kwa kukomesha biashara ya watumwa hawakupigana vita hiyo, kwa sababu mambo ya ndani ya nyumba yalikuwa yamekabidhiwa dini.

Mimi naona mkondo wote wa historia hii hapo. Kila mtawala wa pwani, awe wa Muscat, London, Nairobi au Dar es Salaam, amekuwa mwepesi wa kuahidi haki kwa jumuiya nzima na mzito wa kumuuliza aliye ndani ya jumuiya hiyo anataka nini. Ukisoma kesi za karibuni, nyingi zinalipa deni hilo.

Kenyatta aliahidi nini mwaka 1963?

Uhuru ulipokaribia, watu wa pwani waligawanyika. Wapo waliotaka Mwambao ujitawale au urudi kwa Sultani, na wapo waliotaka Kenya moja. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya lakini Waislamu wapewe dhamana, makadhi wakiwemo. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua. Kenya iliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wenzake yatalindwa wakati wote, katika masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Tarehe 8 Oktoba mkataba ukatiwa saini London.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yaliwaondoa Sultani na Shamte. Aliyeahidiwa akawa hayupo tena. Ahadi yenyewe ilibaki kwenye kifungu cha 66 cha Katiba ya Kenya, kisha ikaenea nchi nzima kwa Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967. Mwislamu wa Garissa au Nairobi, ambaye babu yake hakuwahi kuwa raia wa Sultani, akanufaika na mkataba wa watu wa Mombasa na Lamu.

Mbona Tanzania Bara hakuna?

Kwa sababu pwani ya Kenya ilikodishwa, ya Tanganyika ikauzwa. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani mark milioni 4 kwa pwani hiyo, na mambo yakaishia hapo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliwatumia maliwali, maakida na makadhi, lakini hawakuwa wamemwahidi mtu kitu. Serikali huru ya Tanganyika ilipounganisha mahakama mwaka 1963, hapakuwa na barua wala mkataba wa kuizuia. Mahakama za wenyeji zilifutwa zote, za machifu na za maliwali, zikaja Mahakama za Mwanzo zinazomsikiliza kila mtu.

Hapa watu wengi huchanganya. Sheria ya Kiislamu haikufutwa. Hakimu wa Mwanzo bado anaitumia kwenye ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, hata kama yeye ni Mlutheri kutoka Bukoba. Aliyeondolewa ni kadhi. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoweka ndoa za Kikristo, Kiislamu, kimila na za serikali chini ya sheria moja. Kwa sheria hiyo mume Mwislamu anaweza kutamka talaka, ila mbele ya dola ndoa haijafa mpaka baraza la usuluhishi lithibitishe limeshindwa kupatanisha, na mahakama itoe amri ya talaka. Kwa Afrika ya mwaka 1971 huo ulikuwa uthubutu mkubwa.

Madai ya kumrudisha kadhi hayajawahi kuisha. Aliyeyafikisha bungeni kwa hoja binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Mkristo, Augustino Mrema. CCM iliandika kwenye ilani yake ya 2005 kwamba italipatia suala hilo ufumbuzi. Muswada ulifika bungeni mwaka 2015, ukaondolewa baada ya upinzani mkali. BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ina makadhi wake, lakini uamuzi wao hauna nguvu ya dola nyuma yake. Asiyetaka kuutii hatii.

Nani ana hoja yenye nguvu zaidi, wanaotaka au wanaokataa?

Makanisa husimama juu ya Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, isemayo kwamba shughuli za jumuiya za dini zitakuwa nje ya mamlaka ya nchi. Wanauliza kwa nini kodi ya Mkristo imlipe kadhi. Waislamu hujibu kwa kutaja makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa, yaliyofungua mlango wa fedha za umma kwenda kwenye hospitali na shule za makanisa. Wanauliza tena: hakimu asiyeijua sheria ya mirathi ya Kiislamu anaitumiaje?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyopewa nafasi. Ukubali au ukatae kadhi, kuitumia sheria usiyosomeshwa ni kumdhulumu mwenye kesi. La fedha nalo lina majibu mawili tu yenye msimamo: serikali isilipie kazi ya dini yoyote, au ikubali kwamba inalipia za wote kwa njia tofauti. Kulitumia dhidi ya upande mmoja pekee ni siasa.

Zanzibar ikoje?

Makadhi hawajawahi kukatika. Sheria inayowaongoza ilikuwa ya mwaka 1985, ikabadilishwa na mpya ya mwaka 2017 baada ya kilio cha muda mrefu cha wanawake wanaoachwa mikono mitupu. Sheria mpya inamruhusu kadhi kusikiliza dai la mali iliyochumwa ndani ya ndoa, pale mchango unapothibitishwa. Jambo jingine ambalo watu wa Bara hawalijui: Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka juu ya masuala ya sheria ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Yanaishia Zanzibar.

Uganda?

Katiba ya 1995 inataja mahakama za kadhi, lakini kwa namna itakayowekwa na Bunge kwa sheria. Miongo ilipita bila sheria hiyo kutungwa.

Si mahakama ya Kenya iliamua kwamba kuwaweka makadhi kwenye Katiba ni kinyume cha Katiba?

Iliamua. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa, wakiongozwa na Mchungaji Jesse Kamau, walifungua kesi kupinga kifungu cha 66. Majaji watatu walitoa hukumu tarehe 24 Mei 2010: kifungu hicho kinaipendelea dini moja na hakiendani na nchi isiyo na dini rasmi. Wakili anaweza kubisha usiku kucha kama kifungu cha Katiba kinaweza kuvunja Katiba ileile.

Ila tazama kalenda. Kura ya maoni ilikuwa imebakiza wiki kumi. Hukumu ikawa silaha ya kampeni: makanisa mengi yakapinga rasimu kwa sababu ya makadhi na kifungu cha utoaji mimba, na Waislamu wakajihisi wanapigiwa kura wao wenyewe. Rasimu ya 2005, iliyoangushwa, ilijaribu hata kutuliza mambo kwa kutaja mahakama za Kikristo na za Kihindu, ambazo waumini wenyewe hawakuwa wamezililia. Tarehe 4 Agosti 2010 zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali Katiba, makadhi wakiwa ndani. Hukumu ya Mei ikabaki inazungumzia kifungu kilichokwisha kufa.

Kifungu cha 24(4) cha Katiba ya Kenya kinamnyima mwanamke Mwislamu usawa?

Kinaruhusu usawa upunguzwe, ndiyo. Kinasema masharti ya usawa katika sura ya haki yatalegezwa kwa kiwango kinacholazimu kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi, kwa Waislamu, katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Nchi imeandika kwa mkono wake kwamba hapa tunapunguza haki. Si katiba nyingi zinazosema hivyo waziwazi.

Chukua mfano wa hesabu. Mwanamume amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume na wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anachukua thumuni, yaani mafungu 3 katika 24. Kijana anapata 14, binti anapata 7. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya inayowahusu wengine, mjane angechukua vyombo vya nyumbani na kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote, kisha watoto wagawane sawasawa. Sheria hiyo ilipoanza kutumika mwaka 1981 ilimgusa Mwislamu pia. Malalamiko hayakukoma mpaka 1990, Waislamu walipotolewa.

Mwanazuoni atakwambia kwamba kijana ana wajibu wa kumtunza mama na dada, na binti halazimiki kumtunza mtu kwa fungu lake. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo kijana anatimiza wajibu. Kadhi anajua kugawa mafungu kwa dakika chache. Kumfuatilia kijana miaka kumi baadaye si kazi aliyopewa.

Pamoja na hayo, picha ya mwanamke anayeonewa na kadhi haitoshi. Watafiti waliokaa kwenye mahakama za Mombasa na Malindi tangu miaka ya 1980 walikuta kwamba wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda: wanadai matunzo, mahari ambayo hayakulipwa, khului (mke kujikomboa kwenye ndoa kwa kumlipa mume), faskhi (kadhi kuivunja ndoa) kwa mume aliyetoweka. Sheria ya 1967 nayo ina sharti ambalo hata Waislamu wengi hawalijui. Kadhi anatumia kanuni za ushahidi za Kiislamu, lakini mashahidi wote wasikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Hesabu ya wanawake wawili kwa mwanamume mmoja haina nafasi mahakamani humo tangu mwaka huo.

Bara, ambako hakuna kadhi, mwanamke Mwislamu amepata zaidi?

Kwenye mali ya ndoa, amepata. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri ambalo kila wakili wa Tanzania analijua kama kesi ya Bi Hawa. Wanandoa walikuwa Waislamu. Mahakama ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja, kwa hiyo mke aliyepika, aliyefua na aliyelea ana fungu lake. Kinachosahaulika ni kwamba mwenye kesi hakupata kitu siku ile. Mahakama iliona alikwisha kupewa mtaji na mumewe na haukuzaa mali. Waliovuna ni waliomfuata, wa dini zote.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali hiyo.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kukataa kesi yangu isiende kwa kadhi?

Kenya, ndiyo. Katiba ya 2010 iliongeza maneno ambayo hayakuwamo katika ahadi ya 1963: wahusika wote wawe Waislamu *na wakubali* mamlaka ya mahakama hiyo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, na yalipita karibu kimya huku watu wakigombana juu ya mishahara ya makadhi. Kabla ya hapo dini yako peke yake ilitosha kukupeleka.

Tahadhari mbili. Kwanza, katika mirathi kuhama mahakama hakubadilishi sheria moja kwa moja: mali ya marehemu Mwislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu hata mbele ya Mahakama Kuu. Unachobadilisha ni anayeitafsiri, na jaji wa Mahakama Kuu ana nafasi kubwa zaidi ya kuipima kwa Katiba. Pili, hiari ya kwenye karatasi si lazima iwe hiari ya mtaani. Mjane anayeishi kwenye nyumba ya wakwe zake hakatai kirahisi.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anamrithi baba Mwislamu?

Kwa wanazuoni walio wengi, hapana. Anamrithi mama yake, na baba anaweza kumwachia kitu kwa wosia usiozidi thuluthi. Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri lililoanzia Mombasa, iliamua kwamba kumnyima mtoto mirathi ya baba kwa sababu wazazi hawakuoana ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba, na kwamba ule ulegezaji wa kifungu cha 24(4) usomwe kwa ufinyu. Viongozi wa Kiislamu waliipinga hukumu hiyo kwa ukali. Hoja yao kwamba majaji wasio wanazuoni wanawafasiria dini inakumbusha kesi ya wakfu. Tofauti ni kwamba safari hii aliyekuwa akilindwa ni mtoto ambaye hakuchagua azaliwe vipi, na majaji hawakudai kuifafanua sheria ya Kiislamu. Waliipima kwa Katiba ambayo Waislamu pia waliipigia kura.

Na umri wa kuolewa Tanzania?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu, akashinda Julai 2016. Serikali ilikata rufaa, ikajitetea kwa kusema vifungu hivyo ni maridhiano na mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ulipita, na mingine ikafuata, vifungu vikiwa vilevile kitabuni. Sioni ushahidi kwamba ni Waislamu pekee waliovizuia; ukienda Shinyanga utakuta ng'ombe wa mahari wana sauti kubwa kuliko msikiti na kanisa.

Mwanamke anaweza kuwa kadhi?

Katiba ya Kenya inataka mtu anayekiri dini ya Kiislamu na mwenye elimu ya sheria yake inayoiridhisha Tume ya Utumishi wa Mahakama. Haitaji jinsia. Kikwazo ni fikra za wanazuoni wengi, na hao hawana kauli moja: Imamu Abu Hanifa aliruhusu mwanamke ahukumu katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa.

Sikuridhika na hukumu ya kadhi. Niende wapi?

Kenya unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Jaji atakaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri, lakini uamuzi ni wake. Zanzibar unaanzia kwa Kadhi wa Rufaa, kisha Mahakama Kuu ya Zanzibar. Bara, kwa kuwa shauri lako lilianzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya, nayo ni ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri siku hiyohiyo inaposomwa, kwa maandishi, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa masjala.